Daftari Chini ya Jiwe

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipoisikia methali hii mara ya kwanza, mwalimu wetu wa Kiswahili aliieleza kwa mfano wa mwenye duka anayekopesha sukari na mafuta bila kuandika, na mwisho wa mwezi hajui nani anadaiwa. Mfano huo ulieleweka darasani. Katika insha hii nataka kuitumia methali hiyohiyo kwa mali ya namna nyingine, yaani majina ya watu. Nitaeleza historia ya mchezo mdogo ulioanzia Uingereza, kisha historia ya barabara moja ya milimani huko Marekani, ambako mimi na wenzangu tuliucheza mchezo huo kwa siku nzima. Nia yangu ni kuuliza swali moja: kando ya barabara, ni nani huandikwa na ni nani huachwa?

Mimi ni mwenyeji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na masomo yangu ni Kiswahili na historia. Nilipata bahati ya kusoma muhula mmoja katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Huko nilikutana na mwanafunzi mwenzangu kutoka Bujumbura. Yeye Kirundi chake na mimi Rukiga yangu havikutosha kutuunganisha, Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga na Kifaransa changu hakipo. Kiswahili ndicho kilichotufanya ndugu. Yeye aliniita kaka, nami nikamwita dada.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Kwa Kiingereza jina lake linatokana na sanduku la barua, lakini msomaji asifikirie masanduku ya posta tuliyozoea, yale ya namba na funguo. Hiki ni kikasha kidogo, siku hizi cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kilichofichwa chini ya jiwe au ndani ya gogo lililooza. Ndani yake mna vitu viwili: daftari na muhuri wa mpira. Anayekitafuta naye hubeba daftari lake na muhuri wake mwenyewe. Akikipata, hupiga muhuri wake katika daftari la kikashani, huandika tarehe na neno moja au mawili, kisha hupiga muhuri wa kikashani katika daftari lake. Akimaliza hukirudisha palepale, akakifunika kama alivyokikuta. Hakuna zawadi wala mshindi.

Mchezo huu ulizaliwa Dartmoor, uwanda wa juu wenye nyasi, matope na majabali katika mkoa wa Devon, Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika hiyo, aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool. Wakati ule kufika huko kulihitaji mwendo mrefu kwa miguu katika ardhi yenye kudidimia, na waliofika waliacha kadi zao ndani ya chupa ili wajulikane kuwa wamefika. Mwaka 1905 pakawekwa daftari la wageni. Ikazuka pia desturi nyingine: mtu huacha postikadi yenye anwani na stempu, na mtu atakayefika baada yake huichukua na kuitia posta. Ndiyo maana pakaitwa sanduku la barua. Mwaka 1938 kisanduku kingine kiliwekwa Ducks' Pool kwa kumbukumbu ya William Crossing, mwandishi aliyeijua Dartmoor kuliko watu wengi na aliyechapisha kitabu cha kuwaongoza wasafiri mwaka 1909. Leo visanduku katika uwanda huo huhesabiwa kwa maelfu.

Marekani mchezo ulienea baada ya gazeti la Smithsonian kuandika habari za Dartmoor mwezi wa Aprili 1998. Wasomaji walianza kuficha vikasha vyao wenyewe, hasa katika majimbo ya kaskazini-mashariki, na intaneti ikasambaza vidokezo vya kuvitafutia. Wamarekani wengi hawanunui muhuri, bali huchonga wao wenyewe kutoka kipande cha raba ya kufutia. Hawatumii majina yao ya kuzaliwa, kila mmoja huwa na jina lake la njiani. Zipo pia kanuni: mwenye ardhi aombwe ruhusa, ardhi isichimbwe, na katika hifadhi za taifa vikasha visiwekwe bila idhini.

Kwetu Uganda muhuri si mchezo hata kidogo. Ukitaka kitambulisho, mkopo, au nafasi ya shule, utaanza kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chako, akuandikie barua na kuigonga muhuri. Barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Kwa hiyo nilipoambiwa nichonge muhuri wangu mwenyewe, nilicheka. Nani amenipa mamlaka hayo? Lakini nilichukua wembe na raba, nikachonga korongo mwenye taji, ndege wa taifa letu. Dada yangu wa Bujumbura alichonga ngoma.

Aliyetualika alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mama wa makamo ya bibi zetu, ambaye sisi tulimwita Mwalimu tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Oktoba, majira ambayo majani ya miti huko hugeuka mekundu na ya njano kabla ya kupukutika. Barabara yenyewe huitwa Mohawk Trail. Ilifunguliwa mwaka 1914 na ni miongoni mwa barabara za kwanza Marekani zilizotengenezwa kwa nia ya kuwavutia wenye magari waje kutazama mandhari. Inafuata kwa jumla njia ya kale ya miguu ambayo wenyeji wa asili waliitumia kuvuka milima kati ya bonde la mto Connecticut na bonde la mto Hudson. Wapocumtuck waliishi upande wa mashariki, Wamohican upande wa magharibi, na Wamohawk walipita hapa katika safari zao za vita.

Tulianza katika mji mdogo wa Shelburne Falls. Hapo pana daraja la zamani la tramu, lililojengwa mwaka 1908. Tramu ilipokufa, wanawake wa mji walilijaza udongo na kulipanda maua mwaka 1929, na hadi leo watu hulivuka kwa miguu katikati ya maua. Tulikunywa maji moto ya matofaa, Mwalimu akatugawia karatasi ya vidokezo. Hakuwa na haraka, na sisi pia hatukuwa nayo. Gari lilikwenda polepole kandokando ya mto Deerfield, ambako watu walisimama majini hadi magotini wakivua samaki.

Kisanduku cha kwanza tulikitafuta msituni, mbele ya mji wa Charlemont. Kidokezo kilisema tuhesabu hatua 40 kutoka mti ulioanguka, tukielekea mahali tunaposikia maji. Mimi nilihesabu hatua 40 nikafika kwenye miiba.

"Kaka, hatua zako ni za mtu wa milimani," dada aliniambia. "Aliyeandika alikuwa na miguu mifupi."

Alihesabu yeye, akainama chini ya jiwe bapa, akatoka na kikasha. Tuliketi juu ya gogo na kulisoma daftari lile kurasa zote. Mume na mke walikuwa wameandika kwamba wametimiza miaka 30 ya ndoa. Mtoto alikuwa amechora jino lake lililong'oka asubuhi ile. Mtu mwingine alieleza kwamba huko nyuma alikuja na mbwa wake, sasa amekuja peke yake. Nimesoma nyaraka nyingi katika masomo yangu ya historia, nyingi zikiwa barua za magavana na ripoti za wamisionari. Daftari hili lilikuwa limeandikwa na watu ambao hakuna aliyewauliza chochote.

Kutoka hapo tulisimama kwenye sanamu iliyo Charlemont kando ya barabara. Ni sanamu ya shaba ya mwenyeji wa asili aliyeinua mikono na uso kuelekea mashariki, kunakochomoza jua. Ilizinduliwa mwaka 1932 kwa kumbukumbu ya Wamohawk. Mbele yake pana bwawa dogo lenye mawe 100 yaliyochongwa maandishi. Niliinama kuyasoma nikitarajia kupata majina ya watu walioitumia njia ile. Mwalimu akatueleza kwamba sanamu ilijengwa na chama kilichojiita Improved Order of Red Men, ambacho kiliiga mavazi na ibada za wenyeji wa asili na kuyaita matawi yake makabila, huku kikiwapokea wazungu peke yao hadi mwaka 1974. Mawe yale yaliletwa na matawi ya chama hicho kutoka sehemu mbalimbali za Marekani.

Nilisimama pale kwa muda. Anayesoma neno kumbukumbu katika jiwe anaweza kufikiri kwamba Wamohawk wamekwisha. Hawajaisha. Wako Akwesasne, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, wako Kahnawake karibu na Montreal, na kwingineko, na shule zao hufundisha watoto lugha yao. Kwa hiyo pale barabarani nilikuta daftari la mawe ambalo limebeba jina la watu fulani, lakini walioliandika ni watu wengine.

Barabara ikaanza kupanda milima ya Hoosac. Mwenye kuifahamu njia ya Kabale kwenda Kisoro ataelewa nikisema kwamba masikio yaliziba na dada akashika kiti. Whitcomb Summit ndipo mahali pa juu kabisa pa barabara hiyo, zaidi ya mita 650 kutoka usawa wa bahari. Kwetu Kabale mjini tuko karibu mita 2,000, kwa hiyo niliwatania kwamba huu ni mlima wa watoto. Lakini mandhari sikuweza kuyatania. Milima ilipangana mmoja nyuma ya mwingine, yote ina rangi ya moto. Tulikula mikate yetu tukiitazama. Karibu na hapo pana sanamu nyingine ya shaba, ya mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, iliyowekwa mwaka 1923 na chama cha Elks kuwakumbuka wanachama wake wa Massachusetts waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ndipo Mwalimu alipotuambia tutazame chini ya viatu vyetu. Ndani ya mlima ule, chini kabisa, hupita reli. Handaki la Hoosac lina urefu wa kilomita 7.6. Kazi ilianza mwaka 1851 na gari moshi la kwanza lilipita mwaka 1875. Kabla ya hapo mlima ulizuia biashara kati ya Boston na magharibi. Wachimbaji walianza kwa baruti na nyundo, baadaye wakapewa mitambo ya kutoboa kwa nguvu ya hewa, na nitrogliserini, baruti ya maji ambayo ikitikiswa vibaya hulipuka. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na walikuwapo wachimbaji kutoka Cornwall, mkoa unaopakana na ule Devon wa Dartmoor. Waliokufa katika kazi hiyo ni karibu watu 200.

Ili kazi iende haraka, walichimba pia shimo la kusimama kutoka juu ya mlima hadi kwenye njia ya handaki, kina chake zaidi ya mita 300. Tarehe 17 Oktoba 1867, shimo likiwa bado halijafika chini, jengo la mashine lililokuwa mdomoni mwake lilishika moto. Vyuma na vifaa vikaanguka shimoni, pampu zikasimama, maji yakajaa. Watu 13 walikuwa chini. Miili yao ilitolewa baada ya karibu mwaka mzima. Hadi leo iko barabara ndogo inayoachana na ile kuu na kuitwa kwa jina la shimo hilo.

Sisi tulikuwa tumekaa juu yao tukila mikate. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona jina la chama cha wale waliojivika mavazi ya wenyeji, na sanamu ya chama cha Elks, lakini katika vituo vyote tulivyosimama siku ile sikuona jiwe hata moja lenye majina ya wachimbaji. Bila shaka yamo katika magazeti ya zamani na vitabu vya wanahistoria, kwa anayejua kutafuta. Msafiri wa kawaida hupita tu, akatazama mandhari, akaenda zake.

Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na majina yao yamo katika vitabu vya shule. Waafrika waliowaongoza na kuwabebea mizigo hawakuandikwa kwa wino uleule. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikuja kuheshimiwa hadharani wakati wa kuadhimisha miaka 100 ya safari hiyo, na kwa kuwa hakukuwa na daftari la kuaminika, wapo wanahistoria wanaobishana kama kweli alikuwamo. Angeandikwa siku ile, ubishi ungetoka wapi?

Nyumbani kwetu pia lipo pengo hilo. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, watu wa Uganda walilazimishwa kutoa siku za kazi bila malipo. Waganda waliiita luwalo, sisi twaiita oruharo. Barabara zilifunguliwa na kutunzwa kwa jembe na kikapu cha watu hao, chini ya usimamizi wa machifu. Babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake alibeba mawe ya barabara katika wilaya ya Kigezi, akarudi na bega moja limeshuka, na halikupanda tena hadi alipozikwa. Watalii wanaopita leo kwenda kuwaona sokwe husimama Kanaba na kuupiga picha mlima Muhabura. Mimi pia nimepiga picha hiyo mara nyingi. Jina la baba wa babu halipo Kanaba wala Kabale, liko katika kinywa cha babu tu, na babu ana miaka 84.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa upande wa magharibi, si mbali na ile kona kali ambapo barabara hujikunja kama kiwiko kabla ya kuteremka North Adams. Jua lilikuwa limeanza kulala. Tulikipata kwa urahisi katika ufa wa mwamba. Nilipiga muhuri wangu wa korongo, dada akapiga ngoma yake pembeni. Kalamu ilipofika mkononi mwangu sikujua niandike nini.

"Andika jina la mzee wako," dada alisema. "Kwa Kiswahili. Atakayekuja atamtafuta mtu wa kumsomea."

Niliandika jina la baba wa babu na jina la kijiji chake. Chini yake niliandika kwamba alibeba mawe ya barabara katika mlima mwingine, na kwamba tumewakumbuka pia waliofanya kazi ndani ya mlima huu. Dada aliandika majina mawili ya kwao Burundi. Sikumwuliza ni ya nani, naye hakunieleza. Mwalimu aliyatazama maandishi yetu, akauliza maana yake, tukamfasiria. Alinyamaza kidogo, kisha akalifunika kopo vizuri na kulirudisha ufani ili maji ya mvua yasiingie.

Daftari lile halitadumu milele. Unyevu utalila, au litajaa na kubadilishwa. Lakini kazi iliyonifundisha nimekuja nayo nyumbani. Tangu nirudi, kila likizo nakaa na babu na wazee wenzake uani, nimeshika daftari la kurasa 96 nililonunua sokoni. Nawauliza: nani alibeba mawe? Alitoka ukoo gani? Alisimamiwa na chifu yupi? Mwanzoni walinishangaa, wakafikiri nimetumwa na serikali kwa ajili ya fidia. Sasa wanakuja wenyewe. Mzee mmoja alinileta jina la mjomba wake akiwa ametembea kutoka kilima cha pili, kwa sababu alilikumbuka usiku na aliogopa kulisahau tena. Hadi ninapoandika insha hii nina majina 23, na wawili kati ya wazee walionipa majina hayo wamekwisha fariki.

Kwa wanafunzi wenzangu wa nchi jirani ninaosoma nao Kiswahili, ombi langu ni fupi. Barabara, reli, mashamba na migodi ya nchi zetu vyote vilijengwa na mikono ya watu, na watoto wao bado wako hai. Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo hii, nunua daftari. Uliza jina moja, uliandike pamoja na kijiji, na umsomee aliyekutajia ili akusahihishe.